Uzinduzi wa Dirisha la Mushahara

(Haya ni maneno ya Mheshimiwa Aristote Ngalula, Mratibu wa Muda wa Mradi wa Kusogeza Mushahara Karibu na Mwenye Mushahara, aliyoyatoa Butembo, mashariki ya Kongo, kwenye kiwanja cha shule ya msingi. Waalimu walikuwa katika mwezi wa pili wa mugomo, na mitihani ya darasa la sita ilikuwa inakaribia. Tumeyaandika yote, pamoja na yale aliyotuomba tuyaache. Mbele ya kiwanja, kati ya nguzo mbili za mikalitusi, kilifungwa kwa kamba kitu cha pembe nne, kimefunikwa na kitambaa cha rangi za bendera.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Gavana, ambaye ninaona kiti chake kimefika kabla yake. Bwana Meya, aliyetutumia salamu. Bwana Kamanda, ambaye hakutuma salamu lakini ametuma vijana wake wasimame pale kwa usalama wa hotuba. Padri wetu mupendwa. Muchungaji wetu mupendwa vilevile, ili mutu asiseme nilianza na Padri. Bwana Rais wa Komite ya Wazazi. Wakubwa wa mitaa: wa kartie, wa selile na wa avenue. Bamama wa soko ya maharagi na ya samaki ya chumvi. Vijana wa pikipiki, ambao ninawaomba kwa heshima wazime pikipiki. Waalimu wangu wa kulipwa, waalimu wangu wa kutolipwa, na ninyi waalimu munaoitwa nouvelles unités, ambao serikali inaendelea kuwaita wapya hata kama kichwa kimejaa mvi. Wote en vos titres, grades et qualités respectifs, protocole yote ikiheshimiwa: hamujambo!

(Wachache wanaitika. Mama Florentine, jirani wa shule, aliyekalishwa mstari wa mbele, anatazama mawingu nyuma ya kilima: "Mukubwa, mvua inakuya!")

Asante, mama. Mvua ni baraka, na ninaomba secrétaire aandike kwamba wananchi wamepokea ujumbe wetu kwa baraka.

Ninasimama mbele yenu na furaha isiyo na kipimo, dans le cadre de ule mupango mukubwa wa ukarabati, uimarishaji, usasishaji na uendelezaji wa mfumo wa malipo ya mutumishi wa serikali, kwa kifupi PROKUMUKA, jina ambalo kama linakushinda kulitamka usione haya, kwani hata sisi kwenye bureau lilituomba semina nzima, semina ya hoteli, yenye chakula na nauli ya kurudi, ndipo ulimi ukazoea. Jina langu mimi ni rahisi zaidi. Ninaitwa Aristote, na baba yangu hakunipa jina hilo kwa kubahatisha. Nimetumikia Taifa miaka mingi kule Kasaï katika service ya Mifugo na Uvuvi, mupaka siku wakubwa walipoona kwamba mutu anayejua kuhesabu ng'ombe hawezi kushindwa kuhesabu waalimu. (Makofi, upande wa viti vyenye kivuli.) Na ninawaambia ukweli: ng'ombe ni ngumu zaidi, sababu ng'ombe haijipangi yenyewe kwenye mustari mbele ya benki tangu asubuhi.

Niko mutumishi wa serikali kama ninyi. Kati yangu na ninyi hakuna tofauti, ila moja ndogo ya kiufundi: mimi niko na prime ya hatari, kwa sababu ninakuja huku, ninyi hamuna prime ya hatari, kwa sababu ninyi munaishi huku. Mutu hawezi kulipwa hatari ya kukaa kwake. Hilo limeandikwa, na aliyeliandika alisoma Ulaya.

(Waalimu, upande wa kushoto wa kiwanja, wanapiga mluzi.)

Acheni mluzi, tuongee kama batu wa kalamu. Siku nilipofika kwenye kiti hiki, nilikuta juu ya meza rapport fupi sana: "Butembo, Beni na Lubero: craie morte." Chaki imekufa! Ndugu zangu, moyo wangu uliumia. Mimi mutoto wa Mifugo, jambo la kwanza niliuliza: imekufa na ugonjwa gani? Nikauliza tena: kuna nyingine zimebaki? Basi usiku ule sikulala, nikaandika barua tano, na ndani ya wiki, haraka ambayo haijaonekana katika historia ya mukoa huu, serikali ilinunua chaki mupya, katoni kwa katoni, nyeupe na za rangi. Ni baadaye tu, chaki zikiwa tayari kwenye ndege, Bertrand wa protocole alinieleza kwa sauti ya chini kwamba craie morte ni jina ambalo waalimu wanaipa grève, yaani mugomo. Mais pesa, makuta, ilikuwa imeishatoka, na ilitoka kwenye mustari wa mushahara, kwa sababu ndiyo mustari pekee uliokuwa na kitu. Donc waalimu wapendwa, musiseme serikali haijawatolea chochote. Mumelipwa. Mumelipwa kwa chaki, na ziko pale kwenye depo, mutazipata kila mumoja na risiti yake.

(Kelele. Mwalimu mmoja: "Chaki tuichemushe na majani ya sombe?")

Ninasikia neno sombe. Lishe bora ni sehemu ya mupango wetu, awamu ya nne.

Sasa niingie kwenye hali ya uchumi, kwa sababu kuna batu wanaotembeza maneno kwamba nchi iko na crise. Hapana. Ninakataa. Crise ni ya nchi za wengine. Sisi hapa tuko na conjoncture, hali ya mambo. Crise inamukuta mutu ghafula, anaanguka, wanamupeleka hospitali. Conjoncture munazaliwa ndani yake, munaoana ndani yake, munazikwa ndani yake, donc hakuna anayeweza kusimama mbele yangu na kusema imemushangaza. Na katikati ya conjoncture hii, uchumi wetu unakua! Takwimu ziko wazi: tumepanda kwa asilimia saba, kisha tukapanda kwa asilimia mbili, kisha tukapanda kwa asilimia ya kutoa. Wataalamu wamenieleza vizuri, nami ninawaeleza kwa lugha ya shamba ili muelewe: uchumi wetu unakua kama kiazi ya Luofu. Unakua kwenda chini, ndani ya udongo, mahali ambapo jicho halifiki.

(Mzee mmoja, aliyekimbia vita kule Luofu na jamaa yake, anasimama na kofia mkononi: "Mais kiazi, mukubwa, tunaichimbaka, tunaikula! Ile yenu, nani anaichimbaka?" Kicheko kirefu, hata kwa askari mmoja.)

Swali zuri sana, papa. Kaa. Kaa kabisa.

Ninajua kwamba vita imefunga njia ya kusini, ninajua magari hayapiti, ninajua benki kule zilifunga milango na mwalimu wa Kanyabayonga anatembea mupaka hapa kuuliza kama jina lake bado liko hai. Lakini ninauliza: je, ni mwalimu peke yake anayeteseka? Mulimaji hateseki? Mufanyabiashara hateseki? Nani kati yenu wazazi amelipwa na serikali hata siku moja? Simama, mutu wa kweli, useme.

(Anasimama Syauswa, mwenye kuuza maharagi, ambaye lori lake halijavuka kwenda Kirumba tangu njia ifungwe: "Njo hapo, mukubwa! Miye nikigoma, nani atanilipa? Nililima, niliuzisha, nilitoa makuta ya kusaidia bamwalimu hata wakati walisema masomo ni bure. Leo mutoto wangu Keren anashinda ku nyumba anatwanga muhogo, na examen inakuya. Bamwalimu, muko na mushahara, hata ikichelewa! Siye tuko na nini?" Wazazi wanapiga makofi kwa nguvu.)

Munamusikia? Hiyo ndiyo sauti ya Taifa! Wazazi, geuzeni macho upande wa kushoto, muwaangalie vizuri. Ni nani aliyefunga darasa la Keren? Mimi? Mimi sina hata ufunguo. Mimi nilikuwa Kinshasa, kwenye atelier, semina ya kupigania haki ya Keren! Serikali haina ugomvi na mutoto, wala mutoto hana ugomvi na serikali. Katikati yao amekaa mutu mumoja mwenye tumbo, anayeitwa mwalimu, anayesema hafundishi mupaka ale.

(Anasimama mwalimu Victorine wa darasa la sita, aliyeletwa na serikali zamani kutoka mkoa mwingine na kusahauliwa hapa. Sauti yake si kubwa: "Papa Syauswa, Keren ni mutoto wangu pia, njo wa kwanza kwa darasa. Miye sikufunga darasa juu ya kiburi. Mwenye nyumba alinifukuza, leo ninalala kwa huruma ya mama Florentine. Nikirudi kufundisha bila kulipwa, watatusahau tena miaka, na weye utalipa tena." Syauswa: "Kila mara munasema vile." Mama Florentine anatazama chini, kisha mawingu: "Mukubwa, fanya mbio, mvua inakuya kweli!")

Bi mwalimu, umesema vizuri, sauti yako ni nzuri, ungefaa kwaya. Na kwa sababu umesema kuhusu kulipwa, fasi hii ndiyo ninakomesha midomo yote. Waalimu! Kilio chenu kikubwa kilikuwa nini? Mulisema: hakuna hata guichet moja karibu, hakuna dirisha ambapo mutu anaweza kusimama na kuuliza mushahara wake. Mulisema dirisha. Mimi hapa nina barua yenu ya mugomo, mumeandika: "Tunaomba dirisha la malipo." Serikali yenye kusikia haiongezi neno, haipunguzi neno. Bertrand, ondoa kitambaa!

(Bertrand anaondoa kitambaa. Kati ya nguzo mbili linaonekana dirisha la mbao lenye vioo vinne, kimoja kimezibwa kwa karatasi ya unga. Hakuna ukuta. Nyuma ya dirisha inaonekana wazi kabisa mbuzi wa shule, anakula. Tarumbeta.)

Dirisha, mabibi na mabwana! Dirisha la mushahara!

(Mtu: "Na nyumba?")

Nilijua mutauliza nyumba. Batu wengine, wa zamani, wanaanza nyumba na musingi, wanakaa miaka kwenye musingi, majani yanaota, makuta inaisha, na mwananchi haoni hata fasi ya kupitisha mukono. Sisi, kwa uharaka wa kuwasaidia, tumeanza na dirisha. Ukuta utafuata dirisha, kama mukia unavyofuata mbuzi. Na musifikiri kwamba Butembo imependelewa. Tumeheshimu équilibre géographique, usawa wa miji: juzi nilikuwa Beni, Beni tumezindua mulango. Hali ikiruhusu, Lubero tutazindua paa. Donc mwalimu ataingilia Beni, atalipwa Butembo, na mvua haitamunyeshea Lubero. Huu ndio unaitwa mufumo jumuishi, na wafadhili walipouona kwenye karatasi mumoja wao alilia.

Ninaona Bi mwalimu anaiangalia sana. Iangalie, ni yako.

(Victorine amesogea mbele. Anaitazama ile karatasi ya unga kwenye kioo, anamtazama mama Florentine, anarudia kutazama karatasi. Mama Florentine anajifunika mdomo kwa kitenge.)

Sasa tuje kwenye jambo lililonileta. Serikali imetimiza upande wake, mbele ya macho ya kila mutu. Kesho kutwa kuna délégation ya wakubwa inashuka, na haiwezi kukuta dirisha limefunguka na shule imefungwa, hiyo itakuwa aibu, na aibu ya mukubwa inalipwa na mudogo. Kwa hiyo ninaomba hapa hapa, kwa kuinua mukono, waalimu watangaze kwamba mugomo umekwisha, na kwamba Jumatatu wako darasani. Na wazazi, kama kuna mwalimu ambaye mukono wake ni muzito, mumusaidie kuuinua.

(Wazazi wanawageukia waalimu. Syauswa: "Inueni basi! Dirisha si ni hii!" Mikono michache inapanda, ya waalimu waliochoka. Victorine hainui. Anasema: "Mukubwa, kama ni ya mushahara, ifungue. Tuone.")

Dirisha ya serikali, mama, haifungukaki kwa sababu mutu amesema fungua. Kuna procédure. Kuna tume ya ufunguzi. Kuna étude...

(Mvua inaanza, matone makubwa. Mama Florentine anaruka kwenye kiti, amesahau protocole yote: "Dirisha yangu! Mukubwa, nilisema, nilisema! Kule tundu iko wazi, maji inaingia ku kitanda ya mwalimu!" Victorine: "Njo maana. Ile karatasi niliibandika miye mwenyewe, juu ya baridi." Mama Florentine analia: "Unisamehe, mwalimu. Ulikuwa ku mukutano. Huyu papa wa protocole alisema ni ya kuazima kidogo tu, alisema ni juu mupate mushahara yenu. Ningekatala namna gani?")

Wananchi, utulivu. Utulivu! Mvua ni ile ile baraka tuliyoiandika. Hakuna siri hapa, ni utaratibu wa kawaida wa participation communautaire, mwananchi anachangia alichonacho. Nilikuwa nimepanga kufika kwenye shukrani kwa mupangilio, lakini kwa kuwa hali ya hewa imetangulia, ninaingia. Ninamushukuru kwa dhati Mama Florentine, ambaye bila dirisha yake mradi huu haungekuwa na kitu cha kuonyesha mutu. Ninamushukuru mwenye mulango kule Beni, ambaye ninasikia bado anauulizia, na nyumba yake inalindwa na jirani. Ninamushukuru mwenye mbuzi. Ninamushukuru Padri kwa micro ya kusemea na viti. Ninashukuru serikali kuu kwa ahadi ya kusoma barua yetu ya kuomba ruhusa ya kuandika mradi, na ninawaomba musiwe na haraka, kwa sababu mradi ambao haujaandikwa hauwezi pia kuibiwa.

Tumalizie na umoja, kama Taifa! Mikono juu! Nikisema "Chaki," museme "Hai!" Chaki!

(Waalimu: "Imekufa!")

Hapana, hapana. Hai! Wazazi, wafundisheni hawa. Bwana wa maharagi, weye uliye sauti ya Taifa, wasaidie. Chaki!

(Syauswa ameacha kiti. Amekwenda mbele ya dirisha, maji yanamchuruzika usoni, anatazama ile karatasi ya unga inavyolowa na kujikunja. Anasema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu wa soko: "Imekufa!" Na wazazi nyuma yake, kiwanja kizima: "Imekufa!" Kisha anamwambia Victorine, chini kidogo: "Mwalimu, hata miye ningegoma. Shika ile upande." Mikono iliyokuwa imeinuliwa imeshuka. Syauswa anafungua kamba za nguzo ya kulia, Victorine anafungua za kushoto.)

Vijana wa Kamanda, acheni, waacheni, hao ni wananchi wanaomiliki mradi wao, ndiyo tunaita appropriation. Polepole na kioo! Bapapa, saidieni mama, musiangushe mali ya serikali, ninamaanisha mali ya mama. Bertrand! Bertrand, toka chini ya meza. Ulipiga picha wakati kitambaa kilitoka? Yenye mimi, na dirisha, bila mbuzi?

(Bertrand anaitika kwa kichwa. Watu wanaondoka na dirisha juu ya mabega kuelekea kwa mama Florentine, waalimu na wazazi wamechanganyika. Kwenye kiwanja zinabaki nguzo mbili na kamba.)

Vizuri. Basi andika kwenye rapport, na uandike kwa herufi kubwa ili délégation isichoke macho: mugomo unaendelea kwa sababu za hali ya hewa, na mbele ya wananchi wote wa Butembo, bila upinzani wowote, dirisha la mushahara limefunguliwa.